Mgomba hauna mbegu: historia ya vitamu vya matunda katika Kivu

Asubuhi, katika soko la Kituku pembeni ya ziwa hapa Goma, mitumbwi inashusha mananasi ya Idjwi, mikungu ya ndizi, avoka na marakuja kutoka upande wa Kalehe. Ikifika jioni, ndizi zilizopondeka na kuwa nyeusi zinauzwa kwa bei ndogo. Saa hiyo ndipo anafika mama mwenye watoto wengi na franga kidogo. Ananunua zile ambazo wenye mikahawa wamezikataa. Usiku anaziponda, anachanganya na unga wa muhogo, anakaanga juu ya mbabula. Ndani yake hamna maziwa, hamna yai, hamna siagi.

Ukimsifu, atakujibu kwamba ni chakula cha shida tu. Atasema deseri ni kitu cha watu wenye friji na fuko ya kuokea mikate. Tumeandika makala hii kwa ajili ya huyo mama, na kwa jamaa zote zilizohama vijiji vyao na zinazotusikiliza. Tunataka kumwonyesha kwamba ndizi anayoipika ni ya zamani kuliko friji, kuliko mkoloni, hata kuliko lugha hii tunayoandika. Na tunataka kusema jambo lingine ambalo halisemwi sana: kitamu cha matunda ni rahisi jikoni, lakini ni kigumu shambani. Kinataka muda na ruhusa ya kukaa mahali pamoja.

Mmea uliobebwa kwa mkono

Kata ndizi katikati uangalie. Utaona vidoa vidogo vyeusi ambavyo zamani za kale vilikuwa mbegu. Leo havioti. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Mgomba unazaliwa kutoka kwenye chipukizi linalotoka pembeni ya mama yake, nalo lazima ling'olewe, libebwe, lichimbiwe shimo. Ndege hawezi kuupeleka mgomba mbali, wala upepo. Ukiona mgomba juu ya kilima cha Masisi au cha Walungu, ujue kuna mtu aliyefika pale akiwa amebeba chipukizi.

Na safari ilikuwa ndefu. Ndizi zilianza kulimwa upande wa Asia ya kusini-mashariki na kisiwa cha New Guinea. Huko, mahali panapoitwa Kuk, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta alama za kilimo cha ndizi chenye umri wa karibu miaka 7,000. Katika Afrika, alama za ndizi zilipatikana Nkang, nchini Kameruni, katika mashimo ya taka ya watu walioishi miaka 2,500 hivi iliyopita. Kutoka mkono hadi mkono, msitu wa Kongo ulijaa makemba ya aina nyingi, na milima inayozunguka maziwa yetu ikapata aina zake za ndizi ambazo hazipatikani kwingine: za kupika, na za kukamua.

Hizo za kukamua ndizo zilizotupatia kitamu cha kwanza. Mikungu inakatwa ikiwa mibichi, inalazwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, inafunikwa, na joto la moto linaiivisha kwa siku chache. Ndizi zinamenywa, zinakandwa pamoja na nyasi ngumu hadi maji yake yaanze kutoka. Yanachujwa. Hayo ndiyo mutobe: maji ya ndizi matupu, matamu kama asali, bila punje hata moja ya sukari. Ukiongeza unga wa mtama uliokaangwa na kungoja siku moja mpaka tatu, mutobe unakuwa kasiksi, pombe ya sherehe. Watu wengi wanaisifu kasiksi na kusahau kwamba inatanguliwa na mutobe, kinywaji cha watoto na cha wote wasiotumia pombe.

Siri yenyewe ni ndogo. Ndizi mbichi imejaa wanga, sawa na muhogo au kiazi. Inapoiva, karibu wanga wote unageuka sukari. Ndiyo sababu ndizi nyeusi, ile inayotupwa sokoni, ni tamu kuliko ile ya manjano inayopendeza macho. Mababu waliochimba shimo la kuivishia hawakusoma kemia, lakini walijua hesabu hiyo.

Mabara matatu katika kikaango kimoja

Turudi kwenye mandazi ya ndizi ya yule mama. Upande wa Uganda wanayaita kabalagala, na yanauzwa barabarani kila mahali. Huku kwetu kila nyumba ina jina lake, lakini kazi ni ile ile. Ndizi ndogo tamu, kama kamaramasenge, zilizoiva sana zinapondwa mpaka ziwe uji mzito. Unga wa muhogo unaongezwa kidogo kidogo, na chumvi kiasi, mpaka donge lisishike mikono. Usitie maji, ndizi ina maji yake. Donge linatandazwa, linakatwa kwa mdomo wa kikombe, linakaangwa kwa moto wa wastani mpaka rangi iwe kahawia. Yanadumu siku kadhaa, na ni chakula kizuri cha safari.

Angalia kilichomo. Ndizi ina asili ya Asia. Muhogo unatoka Amerika ya Kusini: ulifika pwani ya magharibi ya Afrika kwa merikebu za Wareno, ambao walifika kwenye mdomo wa mto Kongo katika miaka ya 1480. Merikebu hizo zilizoleta muhogo ndizo zilizochukua watu wetu utumwani. Nanasi, papai na pera navyo vilivuka bahari hiyo hiyo kutoka Amerika. Jina lenyewe nanasi ni neno la wenyeji wa Brazil lililopita katika vinywa vya Wareno. Kisha kuna mafuta. Ukikaanga kwa mawese, hayo ni ya kwetu: mchikichi ni mti wa Afrika, na nchi yetu ni moja ya makao yake.

Basi sahani moja ya mandazi, ambayo mama anaiita chakula cha shida, imekusanya mabara matatu. Hakuna hata kimoja kilichofika bila watu kutembea, na wengi wao hawakutembea kwa kupenda.

Embe na njia ya misafara

Tunda lingine linalosimulia hayo ni embe. Embe ni la India. Lilivuka bahari hadi pwani, na kutoka pwani likaingia bara kwa njia ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha kuvuka ziwa Tanganyika na kufika Maniema. Miji ya Nyangwe na Kasongo ilikuwa vituo vikubwa vya wafanyabiashara wa pwani, na Tippu Tip aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi la Mfalme Leopold lilipouteka mji huo mwezi wa Aprili 1893, aliandika kwamba alikuta bustani zenye machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi.

Lugha ilipita njia hiyo hiyo. Tunaposema embe, chungwa, limau, tunatumia maneno ya watu wa msafara. Kiswahili cha Kongo na miti ya matunda ya Maniema vilikua pamoja.

Lakini tusiifanye historia kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Njia ya maembe ilikuwa njia ya minyororo. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, watu wa wafanyabiashara wa utumwa walifyatua risasi katikati ya wanawake waliokuwa wameleta mazao yao kuuza. Mamia walikufa, wengi wao mtoni wakijaribu kukimbia. David Livingstone alikuwepo na akaandika aliyoyaona, na maandishi yake yalisaidia kulifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Kila mama wa soko anayetusikiliza anaelewa habari hiyo bila maelezo mengi. Mwanamke mwenye kikapu cha matunda amekuwa shabaha ya vita katika nchi hii kwa zaidi ya miaka 150, na bado kesho yake anarudi sokoni.

Neno deseri lilivyoingia

Neno deseri lenyewe lilikuja na Wabelgiji. Mwaka 1928 iliundwa kampuni kubwa iliyoitwa Comité National du Kivu, na milima yetu ikagawiwa walowezi kwa ajili ya kahawa, chai na kwinini. Pamoja na walowezi zilikuja bustani za mboga za Ulaya na stroberi, ambazo hapa tunaziita fraise. Prune tunazonunua Bukavu na Goma, zile nyekundu zenye ganda chungu, asili yake ni milima ya Andes kule Amerika ya Kusini. Siyo prune za Ulaya hata kidogo. Ni ndugu ya nyanya, nyanya ya mti.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, utawala ulifungua mijini vituo vilivyoitwa foyer social, mahali wanawake walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba kwa mtindo wa Kibelgiji. Katika mtindo huo, chakula kinafungwa na kitamu, na kitamu kizuri ni keki, flani, krimu: vitu vya maziwa, mayai, siagi na fuko. Wanawake walijifunza mengi ya kufaa, hatukatai. Walijifunza pia kwamba ndizi ya kuchoma kwenye majivu siyo deseri. Hapo ndipo aibu ilipoanzia, na ndiyo inayomfanya yule mama aombe msamaha kwa mandazi yake.

Kuna kinyume cha kuchekesha katika historia hiyo. Wakati wanawake wakifundishwa flani, wataalamu wa serikali hiyo hiyo walikuwa wakisoma ndizi zetu. Mwaka 1933 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, ambayo makao yake makubwa yalikuwa Yangambi, karibu na Kisangani. Aina moja ya ndizi ilipewa jina la mahali ilipopatikana, kilomita 5 kutoka kituoni: Yangambi Km5. Vidole vyake ni vifupi na vitamu, na inavumilia ugonjwa wa majani unaoangamiza ndizi nyingine. Leo wakulima na watafiti wa nchi nyingi wanaijua kwa jina hilo la Kongo. Ndizi yetu ya watoto ilisafiri bila aibu.

Na sukari? Katika miaka ya 1950 kilijengwa kiwanda cha sukari Kiliba, karibu na Uvira, na watu wa Kivu wakapata sukari ya nyumbani. Konfitire ya prune na ya marakuja ikawezekana hata kwa jamaa za kawaida. Vita vya 1996 vilikizimisha kiwanda, na sukari ikawa ya kutoka nje, yenye bei inayofuata hali ya barabara na mipaka. Jikoni wakarudi kwenye hesabu ya mababu: kama sukari haipo, ngoja tunda liive. Prune peke yake ni chungu na ina ukali. Lakini ukiichemsha, ukaitoa ganda, ukaipika pamoja na ndizi nyeusi mbili au tatu, utapata kompoti ambayo haidai sukari. Watoto wataila kwa kijiko, au juu ya muhogo uliochemshwa.

Mgomba kama hati ya ardhi

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Katika Bushi, desturi ya zamani ilikuwa na njia mbili kubwa za kupata shamba. Ya kwanza ni kalinzi. Mtu anatoa malipo kwa mwami au kwa mkubwa wa mahali, mara nyingi ng'ombe, na anapata haki ya kudumu ambayo watoto wake watairithi. Ya pili ni bwasa. Mtu anapewa kipande cha kulima kwa muda, kwa malipo madogo au kwa kazi ya mikono. Mwenye bwasa anaweza kupanda maharagi, anaweza kupanda viazi. Kupanda migomba anakatazwa.

Kwa nini? Kwa sababu mgomba unakaa. Mkungu ukikatwa, chipukizi linachukua nafasi, na shamba la migomba linaweza kuwapita wenye nyumba kwa umri. Aliyepanda migomba amesema hadharani: hapa ni kwangu. Ndiyo maana hata leo, wazee wanapokaa kuamua mpaka wa mashamba, wanauliza migomba hii ilipandwa na nani.

Kwa hiyo mutobe haukuwa kinywaji tu. Mwenye kalinzi alikuwa na mutobe wake, mwenye bwasa alinunua au alialikwa. Kitamu cha matunda kilionyesha nani ana haki ya kukaa.

Fikiri basi jamaa iliyohama. Mpapai unazaa kabla au karibu na mwaka kwisha, marakuja vilevile. Mgomba unataka mwaka na nusu hivi, na zaidi kwenye milima ya baridi. Avoka iliyopandwa kwa kokwa inaweza kutaka miaka 5 au zaidi. Nani kati ya watu waliolala Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya aliweza kungoja avoka? Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi hizo zilivunjwa, na watu wakafunga tena mizigo. Wengine walirudi vijijini, wengine walijibana kwa wandugu mjini. Aliyehama mara tatu katika miaka mitatu hawezi kula tunda la mti alioupanda mwenyewe. Anaishi maisha ya bwasa, hata kama nyumbani ana kalinzi ya babu yake.

Na tunda analonunua limebeba bei ya vita. Mapigano yalipoikata barabara ya Minova, watu na mizigo walipanda mashua. Tarehe 3 Oktoba 2024, moja yao iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiangalia. Ndizi na nanasi zilikuwa zikipita kwenye maji hayo hayo.

Adui mwingine yumo shambani. Mwaka 2001, katika eneo la Masisi, uligunduliwa ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, ambao wakulima wanauita wilti. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina linatoa utomvu wa manjano. Wadudu wanauhamisha kutoka ua hadi ua, na panga la mkulima linauhamisha zaidi. Shamba lililoachwa kwa sababu ya vita halina mtu wa kukata shina lililougua, na ugonjwa unaendelea kutembea.

Tunachoweza kufanya sasa

Kwa jamaa zilizo mbali na mashamba yao: msiache kupika vitamu hivi, na waachieni watoto waponde ndizi wenyewe. Mtoto aliyezaliwa mjini wakati wa kuhama anaweza kufika miaka kumi bila kuona shimo la kuivishia ndizi. Mwelezeni. Matunda yaoshwe kwa maji yaliyotiwa klorini au yaliyochemshwa, kwa sababu kipindupindu hakina huruma na maji ya matunda yasiyopikwa.

Kwa wenyeji wanaopokea wahami: mpapai mmoja au mmarakuja pembeni ya ukuta haumnyang'anyi mtu kiwanja. Semezaneni waziwazi, mbele ya mkubwa wa mtaa ikihitajika, kwamba mti ni wa kula na siyo wa kudai. Papai na embe zinampa mtoto vitamini A, na pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Kwa wanaorudi kijijini: msibebe machipukizi kutoka shamba lenye wilti, hata kama ni ya ndugu. Shina lililougua likatwe chini kabisa, ua dume livunjwe kwa kijiti chenye pacha badala ya panga, na panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa javel kabla ya kugusa shina lingine.

Wengi wanaorudi wanakuta nyumba imeungua, bati limechukuliwa, mbuzi hakuna. Lakini mara nyingi, katikati ya majani marefu, migomba bado imesimama. Imejibana, mikungu yake ni midogo kwa sababu hakuna aliyepunguza machipukizi, lakini inaonyesha jiko lilikuwa wapi na mpaka unapita wapi. Aliyeipanda aliibeba kwa mkono. Kazi ya kwanza ni kufyeka, na kuacha chipukizi moja lenye nguvu kila shina.